Zile siku 21 za kujenga tabia zilitoka wapi?

Mtu akiamua kujitathmini kila usiku, yaani kukaa dakika tano na daftari na kujiuliza leo nimemjibu nani vibaya, nimeahirisha uamuzi gani, huambiwa avumilie siku 21 tu, itakuwa tabia. Siku ya 22 ikimkuta bado anajilazimisha, hujiona mzembe.

Namba hiyo haikutokana na utafiti wa tabia. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyefanya upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Alikuwa anazungumzia pua, si daftari! Na lile neno "angalau" likapotea njiani, kama kawaida ya maneno yapitayo midomo mingi.

Waliokuja kupima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo lake la kula, kunywa au mazoezi, wakalifuatilia kwa wiki 12. Namba ya kati (median) ya siku za kufikia tabia ilikuwa 66, na makadirio, mengine yakivuka hizo wiki 12, yalianzia 18 hadi 254. Mazoezi yalichelewa kukolea kuliko kunywa au kula. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kujihoji hakukupimwa pale, kwa hiyo sikupi namba. Ila washiriki walifungamanisha kitendo na jambo la kila siku, mathalani baada ya kifungua kinywa. Kiongozi anaweza kuufungamanisha muhasaba wake, yaani kujihoji huko kwa usiku, na sala ya Isha, au na kufunga ofisi.