Asteroidi haikatizi anga kama kimondo

Nimeulizwa tena wiki hii, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja: "Mwalimu, hicho kimondo kinapita saa ngapi, nitoke nikirekodi na simu?" Kila asteroidi, yaani jiwe linalolizunguka Jua, ikikaribia Dunia, habari huandikwa "kimondo" na huwekewa picha ya jiwe linalowaka moto. Watu hutoka nje, huangalia juu robo saa, hawaoni kitu, kisha hurudi ndani wakisema wameongopewa. Inaniuma, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwepo juu yao muda wote huo.

Kimondo ni kile kinachowaka. Chembe imeingia kwenye hewa, ikaungua kilomita mia moja hivi juu yetu, imekwisha. Jiwe la Mbozi nalo tunaliita kimondo kwa sababu lilianguka. Asteroidi inayopita haigusi hewa, haina moto wala mkia. Unachoona ni mwanga wa jua uliolipiga jiwe ukarudi. Ndani ya darubini ni nukta, sawa na nyota nyingine zote. Kinachoitofautisha ni kwamba inatembea.

Tarehe 1 Septemba 2017, Ijumaa, ilikuwa Idi Kubwa. Huko Kenya watu walikuwa wanazungumzia Mahakama ya Juu iliyofuta uchaguzi wa rais. Mimi nilikuwa juu ya paa hapa Tanga na darubini yangu ya kioo ya inchi 8, nikiisaka asteroidi iitwayo Florence. Ni jiwe kubwa, kama kilomita 4.4, na siku hiyo lilikuwa kilomita milioni 7 kutoka kwetu, mara 18 ya umbali wa Mwezi. Idi Kubwa huangukia siku ya kumi ya mwezi wa Mfunguo Tatu, kwa hiyo mwezi ulikuwa umeshajaa zaidi ya nusu na anga imepauka. Nikalenga upande wa kundi la Pomboo, nikachora kwenye daftari nyota saba nilizoziona ndani ya lenzi. Nikashuka kunywa kahawa. Baada ya dakika kumi nikarudi, nikalenga upya (darubini haina mota), nikalinganisha na mchoro. Sita ziko palepale. Ya saba, iliyokuwa imefanya pembetatu na wenzake wawili, ilikuwa imetoka kwenye pembetatu.

Nilisimama pale mpaka umande ukalowesha kioo. Niliona pia kama inafifia na kung'aa. Florence hujizungusha kwa saa mbili na ushee, lakini siwezi kuapa kwamba nilichoona ni mzunguko wake na si unyevunyevu wa pwani au macho yaliyochoka.

Sasa niseme jambo linalowapoteza hata wale wenye darubini zao. Wanachukua ramani kutoka kwenye mtandao, wanalenga penyewe, hawaoni kitu, wanasema darubini mbovu. Ramani hiyo imechorewa nani? Mara nyingi imechorwa kana kwamba mtazamaji amekaa katikati kabisa ya Dunia. Wewe hukai huko.

Simama ufukweni hapa Tanga, tazama ngalawa iliyo karibu ikiwa mbele ya kisiwa cha Toten. Tembea hatua hamsini, itazame tena: imehama, sasa iko mbele ya maji matupu. Meli iliyotia nanga mbali haijahama hata kidogo. Asteroidi ya karibu ndiyo ngalawa, nyota ndizo kisiwa, na hatua zako hamsini ni nusu kipenyo cha Dunia, kilomita 6,378. Kwa Florence, kuhama huko hakuzidi sehemu moja ya kumi ya upana wa Mwezi, ndiyo maana ramani ya mtu yeyote ilitosha. Lakini asteroidi 2024 MK, iliyogunduliwa na darubini ya ATLAS kule Sutherland, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 2024, ilipita tarehe 29 Juni kwenye umbali wa kilomita 295,000 hivi. Hapo kosa linaweza kufika zaidi ya digrii moja, yaani upana wa Mwezi mara mbili, na lenzi ya kawaida huonyesha digrii moja tu. Jiwe limepita nje ya mlango nawe unachungulia dirishani.

Dawa ni kuingiza latitudo na longitudo ya paa lako kwenye huduma ya Horizons ya NASA na kuomba mahali pa asteroidi kwa kila dakika. Usitegemee programu ya nyota iliyopakuliwa mwaka jana, maana nyingi hazihesabu jinsi uvutano wa Dunia unavyoipinda njia ya jiwe. Kisha usilifukuze. Lenga nyota ambayo litaipitia baada ya dakika tano, ungoje.

Na saa! Horizons hutoa muda wa kimataifa. Ongeza matatu.

Nasema haya mapema kwa sababu ya asteroidi Apophis. Rada ya Machi 2021 ilifuta hofu ya kutugonga kwa angalau miaka 100, tusirudi huko. Itapita kilomita 32,000 hivi juu ya ardhi, chini ya satelaiti za televisheni, tarehe 13 Aprili 2029, saa 21:46 za kimataifa. Kwetu ni saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi. Atakayetoka Jumamosi usiku amekosa. Itafika magnitudo 3 hivi (kipimo cha mwangaza wa nyota), inaonekana kwa macho matupu Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi, ikivuka upana wa Mwezi kwa dakika moja au pungufu. Hapo tofauti ya ramani inaweza kuzidi digrii 9. Mtu wa Tanga na mtu wa Rome wataiona kwenye nyota tofauti.

Kuna jambo moja bado linanitatiza. Miaka yote nimewaambia watu kwamba asteroidi ni nukta, hutaona umbo. Apophis ina mita 340 hivi, na kwa umbali ule itakuwa na upana wa sekunde 2 za tao (sekunde moja ya tao ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600). Darubini yangu hutenganisha hata chini ya sekunde moja hewa ikitulia. Hewa ya Tanga mwezi wa nne, masika, hutulia mara chache sana, na jiwe litavuka lenzi kali kwa nusu dakika hivi. Nikilenga mbele yake nikangoja, nikiwa nimeshaweka fokasi kwenye nyota, huenda kwa nusu dakika hiyo nikaona kitu kisicho nukta. Nimeanza kuzoeza mkono kwa satelaiti za polepole, nikisukuma bomba kwa vidole viwili.