Msiba kamili na nusu msiba: kalenda ya nguo nyeusi ya mjane wa Kiingereza

Katikati ya karne ya 19, bibi wa Kiingereza mwenye hadhi yake akifiwa na mume hakuvaa nyeusi akaivua siku anayotaka. Ilikuwapo ratiba, na kila hatua ilikuwa na kitambaa chake. Aliyekutana naye barabarani alijua kwa kumtazama tu kwamba kafiwa na mume, na tangu lini.

Hatua ya kwanza ni msiba kamili: mwaka 1 na siku 1. Gauni lilikuwa la bombazini, yaani hariri iliyofumwa pamoja na sufu, na juu yake likafunikwa karibu lote kwa krepu, hariri nyeusi isiyong'aa. Baada ya hapo ikaja miezi 9 ya krepu kupunguzwa, kisha miezi 3 ya hariri nyeusi isiyo na krepu. Mwisho ni nusu msiba, kama miezi 6: kijivu, urujuani, zambarau iliyopauka, nyeupe. Jumla miaka 2 na nusu. Kwa mzazi au mtoto ilikuwa mwaka 1, kwa ndugu miezi 6, ingawa vitabu vya adabu vilipishana. Mwanamume aliyefiwa na mke alivaa suti nyeusi na utepe kofiani, akaendelea na shughuli zake.

Tusifananishe na eda. Eda ni sheria ya dini, miezi 4 na siku 10 kwa mfiwa wa mume; hii ilikuwa adabu ya tabaka, na msimamizi wake alikuwa jirani.

Cha kutazama hasa ni krepu. Ni hariri nyepesi iliyopitishwa kwenye silinda ya moto mpaka ikajaa vijikunjo na kupoteza mng'ao wote, maana kinachong'aa hakikufaa msibani. Kampuni ya ukoo wa Courtauld, huko Essex, ilitajirika kwayo. Lakini ilikuwa nguo ya kutesa. Manyunyu yakiigusa inaacha madoa na vijikunjo vinalegea. Ikikaa, weusi unageuka kahawia kama kutu. Mvaaji akitoka jasho, rangi inahamia shingoni. Vitabu vya kazi za nyumbani vilielekeza kuifufua kwa maziwa yaliyoenguliwa, maji na gundi kidogo, vikiwa vya moto sana. Wengi walinunua mpya, na wauzaji hawakulalamika. Duka la Jay's, lililofunguliwa Regent Street, London, mwaka 1841, liliuza vitu vya msiba pekee, na lilikuwa tayari kumtuma mshonaji na vitambaa hadi nyumbani kwa mfiwa mikoani. Asiye na uwezo alitumbukiza gauni lake la zamani kwenye sufuria ya rangi nyeusi.

Hata karatasi ya barua ilikuwa na ukingo mweusi, mpana mwanzoni, ukipungua kadiri miezi ilivyokwenda. Mapambo yaliruhusiwa yakiwa ya jeti, jiwe jeusi jepesi kutoka Whitby, linalotokana na miti ya kale iliyogandamizwa ardhini.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyu, aliyebeba msiba mwilini kwa miaka, mara nyingi hakwenda makaburini. Ilidhaniwa atashindwa kujizuia mbele za watu. Mwandishi wa riwaya Jane Austen alipozikwa katika kanisa kuu la Winchester, asubuhi ya tarehe 24 Julai 1817, dada yake Cassandra alibaki nyumbani akiutazama msafara mdogo ukishuka barabara mpaka ukakata kona.

Malkia Victoria ndiye aliyeigeuza desturi hii kuwa kitu kizito kuliko ilivyokuwa. Mumewe, Albert, alifariki tarehe 14 Desemba 1861, na malkia hakuivua nyeusi tena, miaka 39. Kwa mazishi yake mwenyewe, Februari 1901, aliagiza nyeupe: alilazwa jenezani na gauni jeupe na shela ya harusi yake.