Bastola ya Kiunoni Mombasa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu akishapewa cheti cha silaha, kabla hata bastola haijamzoea mkono, simu yake inajaa picha: tochi za kufunga chini ya mtutu, leza, vilengeo vya nukta nyekundu, triga za rangi ya dhahabu. Nami nilipitia hukohuko. Pesa za maana nikazimaliza kwenye mapambo, kifuko cha kuibebea bastola kiunoni nikachukua cha kitambaa, cha bei ya kutupa.

"Kifuko ni kifuko tu, bora kibane." Hili ndilo lililonifunza. Jioni moja nilikuwa chumbani nafanya mazoezi, bastola tupu, risasi nimeziacha chumba kingine. Ukiitoa bastola kwenye kifuko cha kitambaa, mdomo wake hulala kama soksi. Nilipoirudisha, pindo la kitambaa likaingia ndani ya kikingio cha triga, nikasukuma, nikasikia *tak*. Pini ilikuwa imegonga hewa. Kama ningekuwa na risasi kwenye chemba, ingepita pajani. Glock na bastola nyingi za aina yake hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Usalama wake wa nje uko kwenye triga yenyewe, kwa hiyo chochote kinachoivuta triga, kiwe kidole au kitambaa, kinafyatua.

Kifuko kinachofaa ni kigumu, kimefinyangwa kwa umbo la bastola hiyohiyo, kinaifunika triga yote, na mdomo wake unabaki wazi hata kikiwa kitupu. Vingi siku hizi ni vya plastiki ngumu iitwayo kaideksi. Halafu mkanda. Glock 19 yenye risasi 15 ndani ina uzito wa gramu 850 hivi, na mkanda wa suruali ya ofisini unapinda mpaka kitako cha bastola kinachungulia chini ya shati. Wengi husema bastola yao ni kubwa mno, wakabadilisha bastola, kumbe mkanda ndio mwembamba. (Kikoi usikifikirie kabisa. Nimemwona aliyejaribu, akawa anatembea ameshika kiuno kama mwenye ngiri.)

"Ngozi ndiyo ya heshima." Ngozi ni nzuri, siikatai, lakini wanaoisifu wengi wanaishi kwenye baridi. Hapa kwetu, kaskazi ikivuma, kifuko cha ngozi kilichobanwa tumboni kinakunywa jasho mchana kutwa, kisha usiku kucha kinairudishia bastola jasho hilo, chumvi na yote. Ukikipenda, kianike, na usiilaze bastola ndani yake.

Na hapo ndipo linapokuja lile la "bastola za kisasa hazishiki kutu." Slaidi, ile sehemu ya chuma ya juu inayorudi nyuma, imetiwa dawa kiwandani, kweli, na fremu, yaani mwili wa chini wenye kishikio, ni plastiki. Lakini angalia springi, skrubu za vilengeo, vipini vidogovidogo, na midomo ya magazini, vile visanduku vya risasi. Nilipovua vya kwangu baada ya miezi mitatu bila kuvigusa, kidole kilitoka na unga wa rangi ya hina. Kabla hujanunua chochote cha kung'aa, nunua mafuta ya silaha, kitambaa safi, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu uvitie kwenye sefu. Futa kila wiki, paka mafuta membamba, basi. Yakizidi hukusanya vumbi na nyuzi za nguo.

Mafuta ya nazi, ambayo wazee watakwambia yanatosha, hayafai. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na chumba chenye kiyoyozi kinafika huko upesi. Utaikuta slaidi ina utando mweupe kama samli ya asubuhi. Yasipoganda, yanazeeka na kunata.

"Triga laini hukupa shabaha." Triga ya kiwandani ya Glock huvutwa kwa nguvu ya kilo 2.5 hivi, na haikuwekwa hivyo kwa ubahili. Mtu aliyeshtuka mkono unatetemeka, na triga iliyolainishwa haimwachii nafasi ya kukosea. Shabaha inatokana na mazoezi, na pesa ya triga mpya inanunua risasi nyingi za uwanjani.

Nukta nyekundu, yaani kile kilengeo cha kioo kidogo kinachoonyesha nukta ya mwanga, nina maneno mawili juu yake. Kwa sisi tuliopita miaka 45, ambao kilengeo cha mbele tunakiona ukungu mtupu, inasaidia kweli, maana macho yanabaki kwenye shabaha na nukta inaelea juu yake. Ila si kweli kwamba ukiifunga umemaliza. Toka kwenye gari lenye kiyoyozi, shuka Barabara ya Digo saa nane mchana: kioo cha miwani kinaingia ukungu, na kioo cha nukta vilevile. Betri nayo ibadilishe kila mwaka kwa tarehe unayoikumbuka, usingoje izime. Na vile vilengeo vya kawaida usivitupe.

Mengine ni mafupi. Springi ya magazini haichoki kwa kukaa na risasi. Inachoshwa na kujazwa na kumwagwa mara nyingi. Vilengeo vinavyong'aa gizani kwa tritiamu, gesi yenye mnururisho, havidumu milele, mwanga hupungua nusu kwa miaka 12 hivi. Na kifaa cha kuzuia mlio si pambo: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakihesabu kuwa silaha, kama inavyozihesabu sehemu za bunduki. Usikibebe kwenye begi kutoka safari ukidhani ni chuma tu.

"Tochi ya bastola inatosha, ya nini nyingine?" Tochi iliyofungwa chini ya mtutu inamulika pale mtutu unapoelekea, hakuna pengine. Sasa geti linagongwa saa saba usiku, stima imepotea, nawe unataka kujua ni nani. Ukimulika kwa hiyo, umemwelekezea bastola aliyegonga, na mara nyingi aliyegonga ni mpwa wako aliyechelewa matatu ya Mtwapa. Tena ukiifunga tu, bastola haiingii kwenye kifuko ulichonacho, unanunua kingine. Yangu niliifungua. Ninayotumia sasa ni ya mkononi, ya betri mbili, inaning'inia msumarini nyuma ya mlango pamoja na funguo za geti.