Mtunzi, andika mwenyewe maelezo ya wimbo wako

Kila msimu wa matamasha ya kwaya, malalamiko yanayofika mezani petu ni yaleyale: jina la mtunzi limerukwa katika kijitabu cha maelezo ya nyimbo, au limewekwa la mwalimu wa kwaya. Ukifuatilia, unakuta kijitabu kilichogawiwa mlangoni kiliandikwa usiku wa kuamkia onesho, na mtu ambaye nota zenyewe hajawahi kuziona.

Basi aandike mtunzi. Sentensi nne au tano zinatosha, na zisiwe wasifu. Aliyekaa kitini hana haja ya kujua ulianza kuimba darasa la ngapi. “Wimbo huu unagusa mioyo” nayo si maelezo. Mpe cha kusikiliza: “Sauti ya nne inaanza peke yake, ikiiga mdundo wa muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, Dodoma. Sauti nyingine zinaingia mojamoja. Maneno na muziki ni vyangu, 2019.”

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi tunaopokea malalamiko. Mtunzi wa muziki, mwandishi wa maneno na mpangaji wa sauti wanaweza kuwa watu watatu, wataje wote. Ukitumia zaburi, angalia tafsiri uliyonukuu: zaburi ni ya kale, lakini tafsiri inaweza kuwa na mwenye haki aliye hai.

Halafu kuna hili la “wimbo wa asili hauna mwenyewe”. Tumelijibu mara nyingi mno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inataka jamii au mahali wimbo ulikotoka patajwe katika chapisho. Ukiutumia nje ya mazingira yake ya kimila kwa nia ya kupata faida, unahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na idhini huombwa kabla ya kuchapa tiketi. Kuazima ladha ya asili kwa ajili ya utunzi wako mpya kunaruhusiwa. Kubadili ubeti mmoja kisha ukajiita mtunzi ni jambo jingine, na anayekiuka haki kibiashara anaweza kukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, mbali na madai ya fidia.

Wengine huficha kazi wakisubiri cheti cha usajili. Hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa. Usajili husaidia kuthibitisha. Kijitabu chenye jina lako na tarehe ya onesho nacho husaidia, kwa hiyo weka nakala mbili, moja pamoja na nota zako.