Je, wajua kwa nini dokta anakuuliza wewe kwanza kabla ya kukupa majibu?

Umeenda kuchukua majibu ya kile kinyama walichokata, umekaa pale roho mkononi, halafu dokta badala ya kusema anakuuliza "mama, mpaka sasa umeambiwa nini kuhusu huu uvimbe?" Unajisemea moyoni, si wewe ndo dokta jamani, unaniuliza mimi tena?

Hapo hapotezi muda. Kuna utaratibu wa kumpa mgonjwa habari mbaya, unaitwa SPIKES, ulichapishwa Marekani mwaka 2000 na madaktari kina Walter Baile na Robert Buckman kwa ajili ya wagonjwa wa kansa, una hatua 6. Kwanza faragha, mlango ufungwe na dokta akae chini (akisimama unajua tu huyu anataka kuondoka). Ndo linakuja lile swali, maana kuna mtu keshahisi kila kitu na kuna mwingine anajua ni jipu tu, hao wawili huwezi kuwaambia kwa maneno yaleyale. Kisha anakuuliza unataka kujua kiasi gani, kuna wa niambie yote na kuna wa mwambie mwanangu. Halafu utasikia "majibu hayajaja kama tulivyotegemea", hiyo imewekwa makusudi ujikaze kidogo, ndo linafuata neno lenyewe, kwa lugha nyepesi, kidogo kidogo.

Baada ya hapo dokta anayejua kazi ananyamaza. Anakuacha ulie. Ukishasikia kansa masikio yanaziba, akianza kukupigia somo la matibabu muda huohuo utatoka hujui kasema nini, ndo maana mipango inawekwa mwisho.

Na zamani haikuwa hivi hata huko kwao. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1961, madaktari wa hospitali moja Chicago waliulizwa, karibu 9 kati ya 10 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana kansa. Kwenye utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1979, madaktari wa hospitali nyingine Marekani wakaulizwa jambo hilohilo, asilimia 97 wakasema bora kumwambia.

Huku kwetu bado ndugu wanamvizia dokta koridoni, "dokta tunakuomba mama asijue, mwambie ni vidonda vya tumbo." Ni mapenzi, naelewa, ila kesho mnampeleka mama huyohuyo hospitali ya kansa ya Ocean Road, mji mzima wa Dar unajua pale wanatibu nini, sasa mama mnadhani hajui?