Picha za maua: yanayoaminika na yaliyo kweli

“Jua la saa sita ndilo linalotoa rangi.” Ndilo linaloiharibu. Mwanga wa utosini huacha kivuli kizito ndani ya ua na kuunguza kingo za petali. Anayeumbuka zaidi ni haibiskasi nyekundu: kamera huona majani ya kijani yaliyokoza, ikadhani pana giza, ikaongeza mwanga, wekundu ukafurika, mishipa ya petali ikapotea, na ua likabaki bapa kama karatasi. Kwenye simu, gusa ua kwenye kioo, kisha teremsha alama ya jua mpaka mishipa ionekane tena. Kwenye kamera, punguza kipimo cha mwanga hadi -0.7 au -1. Waridi jeupe likijaza fremu yote, fanya kinyume, ongeza +1, la sivyo litatoka la kijivu. Saa bora ni kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, au siku ya mawingu. Ukilazimika kupiga mchana, mtu akushikie shuka jeupe kati ya jua na ua.

“Kadiri unavyosogea ndivyo linavyopendeza.” Lenzi kuu za simu nyingi hushindwa kulenga chini ya sentimita 10 hivi. Rudi nyuma, kuza mara 2, ukate picha baadaye. Wenye lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, wana mtego wao: kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, ukiwa karibu, kinachotoka wazi ni milimita chache tu, stameni (vijiti vya chavua katikati ya ua) zinaonekana na petali ni ukungu. Nenda f/8 au f/11, tundu dogo zaidi, na uiweke kamera sambamba na uso wa ua.

“Picha ikitikisika, nunua stendi.” Stendi hushika kamera, haishiki shina. Chomeka kijiti kando ya ua, ubane shina taratibu kwa kibanio cha nguo, nje ya fremu. Kasi ya kupiga iwe 1/500 ya sekunde. Ili picha isitoke na giza, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga; 800 haina ubaya.

“Ua ni lilelile wakati wowote.” Asumini hufunguka jioni. Haibiskasi nyingi huishi siku moja, kwa hiyo ya jana usiihangaikie. Hata Kitulo, uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, hifadhi ya taifa tangu 2005 ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, maua hushamiri Desemba hadi Aprili. Ukienda huko Julai utakuta baridi na nyasi.