Je, wajua? Hali fiche haikufichi, tovuti inakujua kwa mwendo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na katabia kamoja ambako kalinifanya nijione mjanja kweli kweli. Nikitaka kuperuzi kitu ambacho sitaki kinifuate baadae, nafungua lile dirisha jeusi la hali fiche, wengi tunaita inkognito, lenye kikofia na miwani, nasoma nachosoma, nafunga, alafu kwa usalama zaidi naingia kwenye mipangilio nafuta historia na kuki zote. Na wengine nikawafundisha. Kumbe nilikuwa kama mtu anayefuta nyayo zake ndani kwake tu, za barabarani zote kaziacha.

Sasa swali ni hili: tovuti inamjuaje mtu ambaye hajaandika jina, hajalogini popote, na kafuta kila kitu?

Tuanze na hiyo hali fiche maana ndo ilinipoteza mimi. Neno "fiche" linadanganya kidogo, inabidi uulize fiche kwa nani. Jibu ni kwa anayeshika kifaa hicho hicho baada yako, basi. Ukifunga dirisha, kivinjari kinasahau ulikopita, kinatupa kuki za kikao hicho na ulichojaza kwenye fomu, yani kinasahau cha kwake. Seva ya upande wa pili, yani kompyuta inayotunza tovuti, haina habari na kofia yako, yenyewe ilishaandika zamani kwamba saa fulani, kutoka anwani fulani ya IP (namba ya muunganisho wako wa intaneti), ukurasa fulani umefunguliwa. Kampuni inayokupa intaneti nayo bado inaona unaunganishwa na tovuti zipi, na kama ni mtandao wa kazini basi wanaousimamia pia. Na ukilogini ndani ya hilo dirisha ndo umemaliza kabisa, umevaa kinyago alafu mlangoni ukataja jina la baba na la babu. Nimeshafanya hivyo mara nyingi kuliko napenda kukubali.

Angalau sikuwa peke yangu. Mwaka 2020 huko Marekani watu waliishtaki Google wakisema waliamini hali fiche ya Chrome inazuia kufuatiliwa, Google ikapinga, kesi ikavutana mpaka 2024 pande mbili zikakubaliana kwamba kampuni itafuta mabilioni ya rekodi na maelezo yanayotokea ukifungua dirisha hilo yaandikwe upya. Siku hizi yanasema waziwazi kwamba hali hiyo haibadilishi namna tovuti unazotembelea zinavyokusanya data, Google wenyewe wakiwemo. Sentensi hiyo wengi tunaipita kama tunavyopita vigezo na masharti.

Kuki nazipitia haraka tu. Zilibuniwa 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha enzi hizo, kwa sababu seva haina kumbukumbu, kila ukibonyeza unakuwa mgeni upya, kwa hiyo ikawa inakupa kikaratasi chenye namba kama cha mtu aliyeacha mzigo kaunta, ukirudi unakionyesha. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ulianza pale ukurasa mmoja unapobeba vipande vya watu wengine, tangazo hapa, kitufe cha kulaiki pale, kipicha cha pikseli moja, yani nukta moja ya skrini, ambacho huwezi hata kukiona, na kila mwenye kipande naye anakupa kikaratasi chake. Mwenye kipande yuleyule akiwa kwenye tovuti elfu, anakuona kwenye zote elfu. Safari, kivinjari cha Apple, walizizuia hizi za mtu wa tatu tangu 2020, Firefox tangu 2022 inazitenga tovuti kwa tovuti zisionane, Chrome walitangaza 2020 wataziondoa, wakaahirisha, wakaahirisha tena, 2025 wakasema basi zibaki. Lakini kuki, pamoja na sifa yake mbaya, ina jambo moja jema: iko kwako, unaweza kuifuta. Mimi kilichonishangaza ni kile ambacho hakiko popote kwako, kwa hiyo hakifutiki.

Fikiria mtu kajifunika shuka gubigubi usiku anapita nje ya dirisha. Uso hauonekani, sauti hajatoa. Ila waliolala ndani wanasema "huyo fulani huyo", kwa sababu wanajua anavyokanyaga, ndala moja inaburuzika kidogo upande wa kushoto, na akifika kwenye kona lazima akohoe. Hakuna hata kimoja katika hivyo chenye jina lake. Wanaoburuza ndala ni wengi, wanaokohoa ndo usiseme. Ila anayeburuza ya kushoto NA anakohoa kwenye kona NA anapita saa ile, huyo ni mmoja tu.

Kivinjari chako nacho kina mwendo wake. Tovuti inakiuliza, nacho kinajibu bila kukuuliza wewe, maana mengi ya haya ni maswali ya kawaida ili ukurasa utokee vizuri: skrini ina upana gani, lugha gani umechagua, saa za eneo gani, mfumo gani wa uendeshaji, toleo gani, kadi ya grafiki ya aina gani, fonti zipi zimo. Hata chaji ya betri ilikuwa inajibiwa, kwa usahihi wa kutosha kukutambua kwa muda mfupi, watafiti wakalisema hilo 2015 na Firefox wakaiondolea tovuti ruhusa hiyo 2017. Betri jamani.

Hapa nilikuwa nakwama: vitu vya kawaida hivyo vinampataje mtu mmoja kati ya mabilioni? Hesabu yake ni kama mchezo wa kukisia. Watu wamejaa uwanjani, unauliza swali ambalo nusu watajibu ndio na nusu hapana, nusu moja wanatoka. Unauliza jingine, inatoka nusu ya waliobaki. Ukirudi nyuma kutoka kwa mtu mmoja unazidisha kwa mbili kila hatua, na ukizidisha mara 33 unafika bilioni 8.5 na ushee, zaidi ya watu wote duniani. Yani maswali 33 tu mazuri yanatosha kumbakiza yeyote peke yake. Na jibu la nadra halikati nusu, linafyeka: ukisema unatumia lugha ambayo wachache wameiweka kwenye kivinjari, kwa swali moja tu karibu uwanja wote umeshatoka.

Kuna kabreki hapo lakini. Maswali yakiwa ndugu hayakati mara mbili, ukishasema simu yako ni modeli fulani, upana wa skrini hauongezi kitu, ulishajulikana. Kwa hiyo ukiona mtu anajumlisha maswali tu na kutoa namba ya kutisha, mpe nusu ya imani.

Kipimo kilichovuma ni cha Peter Eckersley wa EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, 2010. Alifungua ukurasa watu waje wapime vivinjari vyao, vikakusanywa 470,161, na asilimia 83.6 vilikuwa havifanani na kingine chochote kwenye lundo lile. Wenye Flash au Java, programu za ziada za kivinjari za enzi hizo, asilimia 94.2. Mimi namba hizo nilizibeba kama zilivyo nikawa natishia watu, mpaka nikakutana na utafiti wa Ufaransa wa 2018 uliochukua zaidi ya alama milioni 2 za vivinjari (yani majibu hayo yakikusanywa pamoja) kwenye tovuti ya watu wa kawaida: zisizo na mfano zilikuwa asilimia 33.6 tu, kwenye simu 18.5. Tofauti ni kubwa na ina sababu zake. Wanaokwenda wenyewe kupima faragha ni watu wenye mashine za ajabu ajabu tangu mwanzo, alafu Flash ilishakufa, alafu simu za modeli moja zinafanana kama mayai. Ila theluthi moja sio ndogo, na hiyo ni kabla hawajachanganya na anwani yako ya IP.

Sasa kile ninachokipenda mimi, japo sio kitu cha kupendwa. Kati ya hayo maswali kuna moja ambalo sio swali, ni kazi ya mkono. Tovuti inakiambia kivinjari chako kwa siri: nichoree maandishi haya. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na KU Leuven waliikuta kwenye zaidi ya tovuti 5 katika kila 100 kati ya tovuti laki moja kubwa, nyingi zikitumia kodi (code, yani maelekezo ya kompyuta, sio ile ya serikali) ya kampuni iitwayo AddThis, na maneno yaliyokuwa yanachorwa ni "Cwm fjordbank glyphs vext quiz". Sio laana, ni sentensi ya Kiingereza ya kulazimisha inayotumia kila herufi mara moja, ili kila herufi ipimwe. Mchoro huo hauuoni, unachorwa mahali pasipoonekana na kusomwa pikseli kwa pikseli.

Kwanini wakuchoreshe? Kwa sababu mashine mbili tofauti zikipewa maneno yaleyale mara nyingi hazichori sawasawa. Ni kama kuwaambia watu mia waandike herufi A. Wote wataandika A na wewe utaisoma A, lakini mmoja kabonyeza kalamu sana, mwingine mguu wa kulia umepinda, mwingine mstari wa kati kaupandisha. Kwenye kompyuta, kalamu ni kadi ya grafiki na programu inayoiendesha, mkono ni mfumo unavyolainisha kingo za herufi, mwandiko ni fonti ulizonazo. Pikseli moja pembeni ya herufi inatoka kijivu cha namba 118 kwako na 121 kwa mwenzako, jicho halioni ila hesabu inaona. Picha nzima inasagwa inakuwa namba moja ndefu, na namba hiyo ndo mwandiko wako. Ukifuta kuki, mwandiko haubadiliki. Ukifungua hali fiche, mkono ni uleule. Hata kwa sauti wanafanya hivyo, kivinjari kinatengeneza mlio ambao spika haipigi kamwe, wanapima tu umbo la wimbi lake.

Ila kukuta kodi ya kuchorea kwenye tovuti sio ushahidi kwamba wanakuuza, kodi zilezile zinatumika kukamata wezi wa akaunti na maroboti. Na vile viatu vilivyonifuata wiki mbili kila ukurasa baada ya kuviangalia kwenye "siri", nikifikiria vizuri, mkosaji anayenijia kichwani kwanza ni mimi niliyelogini barua pepe kwenye dirisha lilelile. Akaunti ndo inafuatilia kuliko ujanja wote huu, tena kwa jina.

Kujikinga basi. Silika ya kwanza, na ndo kosa langu la pili, ni kujazia viendelezi, yani vijiprogramu vya kuongeza kwenye kivinjari: kimoja cha kuzuia hiki, kingine cha kubadilisha kile, mpaka kivinjari kinakuwa cha kipekee zaidi ya kilivyoanza. Kujificha hapa hakuna maana ya kutoweka, kuna maana ya kufanana na wengine. Tor, wenye kivinjari cha kumficha mtumiaji, wamelielewa hili kuliko wote, kivinjari chao kinaziambia tovuti zote saa ya UTC (ile ya kimataifa) popote ulipo, na ukubwa wa dirisha kinauzungusha kwa hatua za pikseli 200 kwa 100 ndo maana unaona kingo tupu pembeni, na wanakuonya usiongeze kiendelezi chochote. Ni kama sare, ina faida kama wote wamevaa na hakuna aliyeshona ua kifuani. Brave, kivinjari kingine, wameenda njia nyingine, wao wanatia kelele kidogo kwenye mchoro na sauti, tofauti kwa kila tovuti na kila kikao, yani mwandiko unao ila leo umeandika kwa mkono wa kulia na kesho wa kushoto.

Kwa matumizi ya kila siku, kizuizi kimoja kizuri cha matangazo na vifuatiliaji kama uBlock Origin kinasaidia sana kwa sababu rahisi: kodi ya kukuchoresha isipopakuliwa, huchoreshwi. Ongeza kivinjari kinachozuia kuki za mtu wa tatu, toka kwenye akaunti usizozitumia, au weka kivinjari kimoja cha kulogini na kingine cha kuzurura. VPN, ile huduma ya kupitisha intaneti yako kwa mtu wa kati, inabadilisha anwani ya IP tu, mwendo wako inauacha kama ulivyo, na badala ya kampuni ya intaneti sasa mwenye VPN ndo anaona unakokwenda. Kwenye simu, apu hazihitaji hata mchoro maana kuna namba maalum ya matangazo, Android unaweza kuifuta kwenye mipangilio, na iPhone tangu 2021 apu inatakiwa ikuombe kwanza, we sema hapana.

Kuna kitufe kimoja sijakitaja, kile cha "usinifuatilie" kilichokuwa kwenye vivinjari karibu vyote. Ukikiwasha, kivinjari kinaziomba tovuti kwa adabu zisikufuatilie. Hazikulazimika kukubali, na nyingi hazikukubali. Alafu kwa kuwa waliokiwasha walikuwa wachache, kukiwasha kwenyewe kukawa jibu jingine la kukutofautisha uwanjani, mpaka Apple wakakiondoa kwenye Safari mwaka 2019 kwa sababu hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimekiwasha miaka yote.